Nibaki au niende? Namna ya kutafuta mapenzi ya Mungu kabla ya kuamua

Tangu mwisho wa Januari 2025, kundi la M23 lilipouteka mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna swali linalosikika hapa kuliko hili: nibaki au niende? Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, watu wengi wakapoteza kazi, na karibu kila familia ina mtu aliyevuka mpaka. Vijana wanalileta swali hilo hadi kanisani, ila wanaliuliza kwa maneno mengine: "Papa, Mungu anataka nini kwa maisha yangu?" Mwingine anauliza kuhusu ndoa, mwingine kuhusu masomo, mwingine kuhusu kuuza parseli, yaani kiwanja, aliyoacha marehemu baba yake.

Ninawashauri vijana wa kanisa letu huku mtaa wa Ndosho, na nimeona wengi wakiteswa na swali hili kuliko inavyostahili. Wanadhani Mungu ameficha mapenzi yake mahali, na kwamba wasipoyapata kabla ya tarehe fulani maisha yao yameharibika. Baba yetu hachezi na watoto wake namna hiyo. Sehemu kubwa ya mapenzi yake imeshaandikwa. Ile inayobaki tunaitafuta mchana kweupe, kwa Neno, kwa maombi, kwa ushauri wa watu na kwa akili aliyotupa, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kutuuzia.

Mwongozo huu ni wa maamuzi yenye nafasi ya kufikiri. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, watu walishika watoto wao wakakimbia, wengine njia ya Sake, wengine Gisenyi. Hakuna aliyefunga siku tatu kwanza, na hakuna aliyetenda dhambi. Yusufu naye, alipoonywa kwamba Herode anamtafuta mtoto, aliondoka usiku uleule (Mathayo 2:14). Hatari ikishafika mlangoni, kimbia. Utaomba ukiwa njiani.

Hatua ya 1: Andika swali lenyewe

Chukua daftari. Andika tarehe, kisha swali lako kwa sentensi moja ambayo mtu anaweza kuijibu. "Mungu anataka nini na mimi?" ni pana mno, utaliomba mwaka mzima bila kujua kama umejibiwa. "Je, nikubali kazi ya Butembo?" hilo lina mwanzo na mwisho.

Muuguzi mmoja kijana alikuja kwangu akiwa amefunga, amechoka, macho mekundu.

"Papa, Mungu amenyamaza."

"Ulimuuliza nini, mwanangu?"

Alifikiri kidogo. "Nimemuuliza kuhusu maisha yangu."

Tulifungua daftari. Ilipofika jioni ukurasa ulikuwa na mambo manne: kituo cha afya cha Butembo kinamwita, mama yake ana presha na anahitaji dawa kila mwezi, wadogo zake wawili wako sekondari na yeye ndiye anayelipa minervali (karo ya shule), jibu linatakiwa Ijumaa. Nikamuuliza, Ijumaa hiyo imewekwa na nani? Ilikuwa imewekwa na katibu wa kituo, kwa simu. Akapiga, akaomba wiki mbili, wakampa. Kazi ilikuwa bado ipo, na sasa angeweza kuomba akiwa ametulia.

Kwa hiyo chini ya swali lako andika pia: ni nani watakaoguswa na uamuzi huu? Ni nani aliyeweka tarehe ya mwisho, na je, inaweza kusogezwa? Haraka nyingi tunazozibeba mbele za Mungu zimetoka kwa wanadamu.

Hatua ya 2: Toa yale ambayo Mungu ameshayajibu

Kabla ya kuomba ishara, pitisha swali lako kwenye yale yaliyo wazi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike: "Maana haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu" (4:3), na tena akawaambia washukuru kwa kila jambo, "maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu" (5:18). Mika anataja matatu: kutenda haki, kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako (6:8).

Basi kama kazi unayoitiwa inakutaka kusaini stakabadhi za uongo, jibu umeshapata. Kama safari inahitaji ujitambulishe kwa jina la mtu mwingine, au kumwacha mke na watoto bila mpango wowote, usifunge kwa ajili ya hilo. Kama mwanamume anayekutaka ana mke Bukavu, hakuna unabii utakaoligeuza jambo hilo kuwa jema.

Mji wetu una mtu wa kutukumbusha hili. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Walimletea pesa ili aruhusu mchele ulioharibika upite kwenda sokoni. Alikataa. Wakasukuma tena, akakataa tena. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, kule Roma. Mimi ni Mprotestanti, na humtaja kila mwaka kwa vijana wangu. Hatujui kama aliwahi kuota ndoto kuhusu ule mchele. Alijua tu kwamba watu wa mji wake wataula, na kwamba Mungu anawapenda watu hao. Mapenzi ya Mungu yalimkuta mezani kwake, ofisini, siku ya kazi.

Ukimaliza hatua hii, maswali mengi yatakuwa yamejijibu. Yatakayobaki ni yale ambayo njia zote mbili ni halali: kazi hii au ile, kubaki au kwenda. Endelea na hayo.

Hatua ya 3: Omba mpaka uweze kukubali jibu lolote

Hapa ndipo penye kazi ngumu. Balaamu aliambiwa na Mungu waziwazi asiende na wajumbe wa Balaki. Wakaja wengine, wakubwa zaidi, na ahadi ya heshima kubwa zaidi, naye akawaambia walale ili akamuulize Mungu tena (Hesabu 22). Jibu alikuwa nalo tayari. Alirudi kwa sababu alitamani lingine.

Jipime kwa uaminifu: Mungu akisema "baki", nitabaki kwa moyo wote? Akisema "nenda", nitakwenda? Kama upande mmoja umeshaufunga moyoni, bado hujaanza kutafuta mapenzi yake, unamtafutia mhuri tu. Mwambie hivyo hivyo, bila kuremba: "Bwana, natamani sana kuondoka. Nisaidie." Yesu mwenyewe katika Gethsemane alitaja alichotaka kabla ya kusema "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe" (Mathayo 26:39). Kutaja unachotaka si dhambi.

Kwa vitendo: tenga nusu saa kila siku, alfajiri kabla motari, watu wa pikipiki za abiria, hawajaanza kupiga honi, au saa yoyote nyumba inapotulia. Zima simu. Soma kifungu, nyamaza, omba, kisha andika mistari miwili mitatu ya yale yaliyokujia moyoni. Ukitaka kufunga, funga, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mama mjamzito na anayenyonyesha wasijitese. Na usiweke idadi ya siku kama deni ambalo Mungu lazima alilipe. Nehemia alianza kuomba mwezi wa Kisleu na mfalme akamuuliza mwezi wa Nisani, yapata miezi minne baadaye.

Ndugu zetu Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, wana kanuni moja kutoka kwa mwanzilishi wao, Inyasi wa Loyola, ambayo naifundisha bila haya: wakati wa giza moyoni, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na mwanga. Siku umesikia habari mbaya, siku umegombana nyumbani, siku umelala njaa, si siku ya kuuza parseli.

Hatua ya 4: Soma Neno kwa mpangilio

Kufungua Biblia popote, kuweka kidole na kuchukua mstari uliopata, hiyo ni kupiga ramli kwa kitabu kitakatifu. Chagua kitabu kimoja usome sura kwa sura wakati wote unapotafuta jibu. Injili ya Yohana ni nzuri, Matendo pia. Kwa Goma ya leo mimi huwapa watu Yeremia, kuanzia sura ya 27 hadi ya 29, na nitaeleza kwa nini.

Kila mtu anaujua 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Uko kwenye fulana, kwenye vioo vya mabasi, kwenye picha za WhatsApp. Wachache wanajua kwamba ni mstari wa barua iliyoandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na kwamba mstari unaoutangulia unawaambia watakaa huko miaka 70. Wengi wao wangezikwa hukohuko. Sura ya 28 inamwonyesha nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya watu akasema kwa jina la Bwana kwamba baada ya miaka miwili tu vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Yeremia alitamani iwe hivyo, hata akaitikia "Amina". Lakini Bwana hakumtuma Hanania, naye akafa mwaka uleule.

Sasa soma barua yenyewe, 29:5-7. Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, mzae. Utakieni amani mji ule, mkauombee. Kwa mtu anayesubiri hali ibadilike ndipo aanze kuishi, hili ni neno zito. Kijana mmoja aliahirisha mahari, masomo na kila kitu "hadi mambo yatakapotulia". Aliposoma sura hizi tatu kwa mfululizo alirudi kuandikishwa chuoni wiki iliyofuata. Hakuna aliyemtabiria. Mwingine anaweza kusoma sura zilezile akaona kwamba Mungu yupo pia Babeli, yaani mahali asipotaka kwenda, naye akapata nguvu za kuondoka. Neno linamjenga yule anayesoma, na huyo ndiye atakayeamua. Warumi 12:2 inasema tugeuzwe kwa kufanywa upya nia zetu, *ndipo* tupate kujua hakika mapenzi ya Mungu. Mpangilio wa mstari huo si wa bahati.

Hatua ya 5: Angalia kilichomo mkononi mwako

Mungu alipomtuma Musa alimuuliza: ni nini hiyo mkononi mwako? (Kutoka 4:2). Andika unachoweza kufanya, kile watu hukuita ukakifanye bila wewe kujitangaza, na mzigo ule ambao hauwezi kuupita ukaendelea na safari.

Daktari Denis Mukwege wa Bukavu amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto wa miaka 8 aliandamana na baba yake, mchungaji wa Kipentekoste, kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Alishangaa kwamba baba aliomba lakini hakutoa dawa, na baba akamweleza kwamba yeye si daktari. Hapo mtoto akaamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa. Alisomea udaktari Bujumbura akilenga kutibu watoto. Alipofika hospitali ya Lemera akaona wanawake wanavyokufa na kuumia katika uzazi, akaenda Ufaransa kusomea hilo. Hospitali hiyo ilishambuliwa mwaka 1996. Hospitali yake ya Panzi, Bukavu, ikaanza mwaka 1999, na 2018 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hesabu mara ngapi njia yake ilipinda. Hakuonyeshwa Panzi akiwa na miaka 8. Alionyeshwa mtoto mmoja mgonjwa.

Hatua ya 6: Wapelekee watu watatu

"Kwa wingi wa washauri huja wokovu," inasema Mithali 11:14, lakini si kila mdomo ni mshauri. Tafuta mmoja anayekujua tangu zamani, pamoja na udhaifu wako. Mwingine awe amekomaa katika imani: mchungaji, padri, mzee wa kanisa, mama wa maombi anayeheshimika. Wa tatu awe ameshapita njia unayoifikiria. Ukitaka kwenda Kampala, ongea na aliyeishi huko akarudi, usiongee tu na anayekutumia picha nzuri. Asiwepo kati yao hata mmoja atakayepata faida kutokana na jibu lako.

Kama umeoa au umeolewa, mwenzako hayumo katika hao watatu. Yeye anaamua pamoja nawe. Mume anayemwambia mke wake "Mungu amenisemesha, tunahama Jumamosi" amekosa adabu kwa mke, na pia kwa Mungu. Mitume na wazee wa Yerusalemu, pamoja na mamlaka yao yote, walijadiliana kwanza, ndipo wakaandika: "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi" (Matendo 15:28).

Hatua ya 7: Unabii, ndoto na ishara

Tunaishi katika mji wenye vyumba vya maombi kila mtaa, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Siamini kwamba Mungu ameacha kusema. Maandiko yanakataza kudharau unabii, na papo hapo yanaamuru: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:20-21). Wengi wanashika nusu moja ya amri hiyo.

Soma 1 Wafalme 13, polepole. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliagizwa asile mkate, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyojia. Alimkatalia hata mfalme. Kisha nabii mzee wa Betheli akamfuata akamwambia malaika amesema naye, njoo ule kwangu. Alikuwa anamdanganya. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala, na simba akamuua njiani. Mvi za nabii hazikumwokoa, wala jina la malaika lililotajwa.

Ukipewa neno, fanya hivi. Liandike kama lilivyosemwa, na tarehe. Usiamue siku hiyo. Lilinganishe na hatua ya 2. Mwonyeshe mchungaji wako. Angalia kama linathibitisha jambo ambalo Mungu alikuwa tayari anakusemesha, au linatoka hewani likikuvuta kwa hofu. Na likija na bei, iwe inaitwa mbegu, sadaka ya kufungua njia au mafuta ya viza, ondoka. Elisha alikataa zawadi ya Naamani. Gehazi aliyeikimbilia alirudi na ukoma (2 Wafalme 5). Nimeona mama akitoa pesa zote za likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, kwa nabii aliyemwahidi kwamba mwanawe atapata safari ya Canada. Zilikuwa zamu yake ya mwaka, na watoto walifukuzwa shuleni kwa sababu ya minervali.

Neno kwa mabinti: kijana akikuambia Mungu amemwonyesha kwamba wewe ndiye mke wake, mjibu kwa upole kwamba Mungu huyo anayo pia namba yako. Una haki ya kuomba, kungoja na kukataa.

Ndoto zijaribiwe kwa njia hiyohiyo. Kuhusu ngozi ya kondoo ya Gideoni, kumbuka kwamba alikuwa ameshatumwa waziwazi kabla ya kuiweka uwanjani (Waamuzi 6:14). Mungu alivumilia hofu yake, na anavumilia yetu, lakini sisomi popote tukiagizwa kumwiga.

Hatua ya 8: Piga hesabu

Yesu alisema mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Rudi kwenye daftari, gawa ukurasa katikati: nikienda, nikibaki. Yule muuguzi aliandika kodi ya nyumba ya miezi mitatu ya kwanza, nauli, dawa za mama, minervali ya wadogo, na ni nani atakayelala na mama usiku presha ikipanda. Mstari wa mwisho ulimchukua siku nne kuujaza, mpaka shangazi yake wa Keshero akakubali.

Mlango uliofunguka pekee usikudanganye. Yona alipokimbia uso wa Bwana alikuta merikebu tayari Yafa, na nauli alikuwa nayo. Mlango uliofungwa nao si laana: Paulo alizuiwa kuingia Asia, akazuiwa Bithinia, ndipo akafika Troa na kupata maono ya mtu wa Makedonia (Matendo 16:6-10).

Hatua ya 9: Amua, kisha tembea

Siku uliyopanga ikifika, amua. Kama moyo una amani mbele za Mungu, washauri wanakubali, Neno halipingi na hesabu inawezekana, usingoje sauti kutoka mbinguni. Sema kama Yakobo alivyofundisha, "Bwana akipenda tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi" (4:15), na ukate shauri. Ikiwezekana, anza na hatua inayoruhusu kurudi: nenda kwanza wiki mbili ukaone mahali, usiuze parseli kabla hujalala huko hata usiku mmoja.

Mambo yakiwa magumu baada ya hapo, usikimbilie kusema ulikosea. Paulo aliyafuata maono hadi Filipi, na hukohuko alivuliwa nguo, akapigwa viboko na kutupwa gerezani. Barua kwa Wafilipi iliandikiwa kanisa lililozaliwa katika mji huo. Lakini ukigundua kweli ulikosea, kwa kiburi au kwa kutosikia, tubu na urudi au ubadilishe njia. Petro aliyemkana Bwana ndiye aliyeambiwa alishe kondoo.

Waambie wale watatu ulichoamua, hata kama ni kinyume na walichokushauri, ili waendelee kukuombea wakijua uko wapi. Ukihama, tafuta kanisa Jumapili ya kwanza, usingoje mpaka upate kazi. Kisha weka alama kwenye daftari miezi sita mbele, na siku hiyo usome tena kurasa zote tangu ile ya kwanza pamoja na mmoja wao, hata kama ni kwa simu.